Pushirodi ya kupimia ya COMP Cams kwa injini za LS: kifaa kizuri, ila vernia yako haitoshi

Mtu anayefumua injini ya LS, yaani familia ya V8 za General Motors (GM), ili aiongezee nguvu hana uchoyo na kamshafti, springi wala hedi. Uchoyo humjia akifika kwenye pushirodi, vijiti vya chuma vinavyopeleka mwendo kutoka tapeti zinazokaa juu ya kamshafti hadi roka zinazofungua valvu. Anaagiza seti ya inchi 7.400 kwa kuwa ndiyo saizi inayotajwa kila mahali kuwa ya kiwandani, anafunga roka, anawasha, na injini inalia kama cherehani ya mguu. Au hailii kabisa, ila ikikaribia mizunguko 6,000 kwa dakika nguvu inakatika kana kwamba dereva ameachia akseleta. Kifaa cha kuepusha yote mawili kinauzwa kwa sehemu ndogo tu ya bei ya seti ya pushirodi 16. Ni pushirodi ya kupimia, inayorefushwa na kufupishwa kwa vidole.

Hapa tunaiangalia ile ya COMP Cams yenye masafa ya inchi 6.800 hadi 7.800, ndiyo inayoangukia kwenye LS. Umbo lake halina maajabu: vipande viwili vya chuma vinavyoingiana kwa nyuzi, na ncha za duara kama za pushirodi halisi. Kila mzunguko mmoja kamili huirefusha kwa inchi 0.050, yaani thau 50 (thau moja ni sehemu ya elfu ya inchi). Ikiwa imefungwa mpaka mwisho ni 6.800. Ukiifungua mizunguko kumi na nusu umefika 7.325. Robo mzunguko ni thau 12 na nusu, na kwa kazi hii hicho ni kipimo kidogo cha kutosha. Chora mstari mmoja wa kalamu ya alama juu ya vipande vyote viwili kikiwa kimefungwa, ndipo uanze kuhesabu. Bila mstari, ukifika mzunguko wa saba utajiuliza kama ni wa nane.

Kero ya kwanza haiko kwenye kifaa bali kwenye boksi la zana. Vernia (kipimio cha taya) ya kawaida ya gereji inafika milimita 150. Pushirodi ya inchi 7.400 ina milimita 187.96. Kwa hiyo vernia hiyo haiwezi kuipima, na wengi hulijua hilo wakiwa tayari wameshaishika pushirodi mkononi. Unahitaji ya milimita 200. Wapo wanaoamini hesabu ya mizunguko peke yake, na mara nyingi inatoka sawa, lakini kifaa chochote chenye nyuzi kikiwa na uchafu ndani hakifungi mpaka mwisho, na hapo hesabu yote inaanza na kosa. Mizunguko ikupe namba, vernia iithibitishe. Zikitofautiana kwa zaidi ya thau 5, safisha nyuzi urudie.

Kabla ya kuingia kwenye upimaji, tukubaliane kinachopimwa. Tapeti ya haidroliki ina plunja ndani yake, juu ya springi laini na chumba cha mafuta. Juu kabisa kuna klipu inayoizuia plunja isiruke nje. Ukifunga roka, pushirodi inaisukuma plunja kidogo kutoka kwenye klipu. Kiasi hicho cha kuzama ndicho prilodi. Injini ikizunguka, mafuta hujaa chini ya plunja, na tapeti inajirekebisha yenyewe bila mtu kufungua kava ya valvu kila baada ya kilomita elfu kadhaa.

Prilodi ikiwa ndogo mno, plunja inagonga klipu. Unasikia mlio, kisha klipu inachoka, na siku inapotoka, plunja na pushirodi vinakwenda vinakotaka. Ikiwa kubwa mno, plunja inakaa karibu na sakafu ya tapeti. Kwenye mizunguko mikubwa, springi ya valvu inaposhindwa kuifuatisha roka hata kwa nukta, mafuta huingia na kuinua plunja kujaza nafasi hiyo. Plunja iliyozama sana ina njia ndefu ya kupanda, basi valvu inabaki wazi kidogo wakati ingepaswa kuwa imefunga. Ndipo nguvu inapokatika. Ikizama mpaka ikagusa sakafu kabisa, valvu haifungi hata injini ikiwa inaunguruma tu, kompresheni inavuja, na valvu ya ekzosi inaungua kwa kuwa haipati kukaa kwenye kiti chake na kupoa.

Kwa tapeti za GM za aina ya LS7, zinazofungwa kwenye LS nyingi zinazojengwa upya, wajenzi wengi hulenga thau 60 hadi 100, na 80 (milimita 2.03) ndiyo katikati. Tapeti za mwendo mfupi zinazotengenezwa kwa mashindano hutaka pungufu ya hapo, nyingine chini ya thau 40. Karatasi iliyokuja ndani ya boksi la tapeti ndiyo yenye neno la mwisho. Ukikuta fundi anatoa namba moja kwa tapeti zote duniani, mshukuru na utafute karatasi.

Sasa upimaji wenyewe, na hapa ndipo kifaa kinapostahili sifa zake au kupoteza maana.

Hedi lazima iwe imefungwa kwenye bloku ikiwa na gasketi iliyokwisha kukandamizwa. Bolti za hedi za kiwandani kwenye LS ni za kufunga mara moja, zinavutika na hazirudi. Kwa upimaji tumia zile kuukuu, na gasketi kuukuu ya aina ile ile utakayofunga. Kama gasketi mpya ni ya unene tofauti, rekebisha kwa hesabu: tofauti ya unene inaingia moja kwa moja kwenye urefu wa pushirodi. Ukitoka kwenye gasketi ya thau 51 kwenda ya thau 40, hedi inashuka thau 11, na pushirodi unayohitaji inapungua thau 11. Kuskimu hedi, yaani kuusaga uso wake wa chini, kunafanya vilevile. Kamshafti yenye mgongo mdogo kuliko ya zamani hufanya kinyume: ikiwa kipenyo cha mgongo kimepungua milimita 1, tapeti imeshuka nusu milimita, na pushirodi inatakiwa irefuke nusu milimita. Mgongo ni ule upande wa kamu usio na nundu, na tapeti ikikaa hapo valvu imefungwa.

Kuna badiliko moja ambalo watu hulisahau. Viti vya valvu vikikatwa upya, valvu inazama ndani ya hedi na ncha yake ya juu inachomoza zaidi. Roka za LS za kiwandani zina uwiano wa 1.7, kwa hiyo ncha ya valvu ikipanda nusu milimita, upande wa pushirodi unashuka kama milimita 0.29. Si nyingi peke yake. Ikijumlishwa na skimu na gasketi nyembamba, seti ya 7.400 iliyokuwa sahihi kiwandani inageuka kuwa ndefu kupita kiasi, na hakuna kitu kilichoharibika kukuonya.

Toa plagi zote. Zungusha kranki kwa mkono kwa soketi ya milimita 24 kwenye bolti ya puli, kwa mwelekeo wake wa kawaida wa saa. Kupata mgongo wa kamu usibahatishe kwa kuangalia pistoni ikiwa juu. Njia isiyodanganya ni hii: tapeti ya ekzosi (valvu ya kutoa moshi) ya silinda husika ikianza tu kupanda, pima inteki (valvu ya kuingiza). Kisha zungusha mpaka inteki ipande yote na ikaribie kumaliza kushuka, hapo pima ekzosi. Kamu kali zenye muda mrefu wa kufungua valvu ndizo zinazowaumbua wanaotegemea alama ya topu (pistoni ikiwa juu kabisa), kwa kuwa nundu ya silinda moja huanza mapema kuliko walivyozoea.

Weka pushirodi ya kupimia ikiwa fupi kuliko unavyotarajia, kwa mfano 7.250. Funga roka mpaka toki (nguvu ya kukazia) yake ya mwisho, futi-pauni 22, sawa na Nm 30. Hakikisha reli inayokaliwa na roka imelala sawasawa na haina hata chembe ya mchanga wa msasa chini yake. Roka ya LS haina nati ya kurekebisha. Ikishafungwa imefungwa, na ndiyo maana urefu wa pushirodi ndio njia pekee ya kubadilisha prilodi. Sasa irefushe polepole kwa vidole huku ukiishika kati ya kidole gumba na cha shahada, ukiipandisha na kuishusha. Mara ya kwanza utasikia inagongagonga. Kisha mgongano unapungua, unabaki kama kucha ikigusa meza. Kisha unatoweka. Hapo simama. Hiyo ndiyo plei sifuri.

Kosa linaloharibu vipimo vingi kuliko mengine yote ni kuizungusha pushirodi kwa vidole na kusubiri ianze kuwa nzito. Springi ya ndani ya tapeti ni laini mno. Pushirodi yenye mafuta huendelea kuzunguka kwa urahisi hata plunja ikiwa imeshazama thau 20 au 30. Ukiandika hapo "sifuri" halafu ukaongeza 80, umefunga 100 au 110 bila kujua. Kipimo ni juu na chini tu, usizungushe. Ukiwa na mashaka, irefushe kidogo kupita, irudishe mpaka mgongano wa juu na chini urudi, kisha nenda tena mbele taratibu. Mara ya tatu vidole vinakuwa vimeshajua.

Tapeti mpya zilizokauka hazina tatizo kwa kazi hii, springi yao inaishikilia plunja juu kwenye klipu. Tapeti kuukuu ndizo zenye hila. Moja ikiwa na uchafu ndani, plunja inanata chini, na pushirodi yako ya kupimia itakuonyesha urefu mkubwa kuliko ukweli. Bonyeza kila plunja kwa ncha ya pushirodi kabla ya kuanza, uone kama inarudi juu yenyewe mpaka kwenye klipu. Isiyorudi haipimwi, na kusema kweli haifai kurudi ndani ya injini ya nguvu. Kwenye LS tapeti hukaa nne nne ndani ya vishikio vya plastiki vilivyo chini ya hedi, kwa hiyo tapeti mbovu ukiigundua baada ya hedi kufungwa kabisa ni kufungua hedi upya.

Pima sehemu nyingi. Wanaopima silinda ya kwanza peke yake wanapima silinda ya kwanza peke yake. Kwa uchache chukua inteki na ekzosi za silinda za mwisho wa kila upande: 1, 7, 2 na 8. Hayo ni vipimo vinane. Tofauti ya thau 10 hivi kati yao ni ya kawaida, inatokana na viti vya valvu na roka za kumimina. Tofauti ya 25 au 30 ina sababu, na sababu hiyo itafutwe: roka iliyokaa juu ya uchafu, tapeti inayonata, au valvu iliyokatwa kiti zaidi ya wenzake. Kwenye hedi za LS3 kumbuka pia roka za inteki zimepindishwa pembeni na haziwezi kubadilishana nafasi na za ekzosi. Ukizichanganya, vipimo vinaleta miujiza.

Tuchukue mfano wa vipimo. Plei sifuri ya chini kabisa imetoka 7.318, ya juu kabisa 7.332, nyingine zote katikati, wastani 7.325. Tapeti za LS7, lengo thau 80. Jumla ni 7.405. Pushirodi za dukani hupatikana kwa hatua, na iliyo karibu ni 7.400. Ukiichukua, prilodi yako itakuwa kati ya thau 68 na 82. Hiyo inatosha kabisa, hakuna sababu ya kuagiza pushirodi maalumu za urefu wa pekee. Lakini kama lengo lingekuwa thau 30 kwa tapeti za mwendo mfupi, mtawanyiko ule ule wa thau 14 ungekuwa karibu nusu ya prilodi yote. Hapo ndipo kupima zote 16 kunapoacha kuwa ushamba wa mtu mwenye muda mwingi.

Na kuna joto. LS1, LS3 na LS7 zina bloku na hedi za alumini. Pushirodi ni chuma. Alumini hupanuka karibu mara mbili ya chuma. Kwa urefu wa milimita 188 na ongezeko la nyuzi 70 za joto, hesabu ya haraka inatoa kama milimita 0.15, yaani thau 6, ambazo prilodi hupungua injini ikishika moto. Kwenye thau 80 huoni kitu. Kwenye 20 umepoteza karibu theluthi. Bloku ya chuma ya LS za pikapu, kama ile ya lita 5.3, hupoteza kama nusu tu ya hapo au chini yake, kwa kuwa bloku yenyewe inapanuka sawa na pushirodi.

Sasa malalamiko yangu makubwa zaidi, ambayo hayaihusu COMP peke yake bali biashara nzima ya pushirodi. Urefu wa pushirodi unahesabiwa kwa njia zaidi ya moja. Wapo wanaopima kutoka ncha hadi ncha kama unavyofanya na vernia. Wapo wanaopima kana kwamba duara la ncha limekamilika, halina tundu la mafuta. Tundu linakata kilele cha duara. Kwa ncha ya 5/16 yenye tundu la upana wa thau 100, kila upande unapoteza kama thau 8, jumla thau 16. Ukipima kwa kifaa cha hesabu moja ukaagiza kwa muuzaji wa hesabu nyingine, thau 16 zinakwenda na maji, na hizo ni moja ya tano ya prilodi ya LS7. Dawa ni rahisi: pushirodi mpya ikifika, ilaze mezani pamoja na ile ya kupimia uliyoiacha kwenye urefu wako, zote mbili zipime kwa vernia ile ile ya milimita 200, na linganisha hizo namba mbili, usilinganishe na maandishi ya boksi. Kama una pushirodi kuukuu ya kiwandani, ipime nayo. Hiyo ndiyo rula yako ya kweli.

Baada ya hapo kuna njia ya kuhakiki isiyohitaji kifaa chochote, na inafaa ifanyike hata na aliyepima vizuri. Tapeti ikiwa mgongoni, weka pushirodi mpya, kaza bolti ya roka kwa vidole mpaka plei iishe, chora alama kwenye kichwa cha bolti, kisha hesabu mizunguko mpaka toki ya Nm 30. Bolti ya roka ya LS ni M8 yenye hatua ya milimita 1.25. Wengi husema basi mzunguko mmoja ni milimita 1.25 za prilodi. Si kweli. Bolti inashusha katikati ya roka huku ncha ya valvu ikiwa imekaa pale pale, kwa hiyo upande wa pushirodi unashuka zaidi: 2.7 gawanya kwa 1.7, mara 1.25, ni milimita 1.98, yaani thau 78. Kwa hiyo prilodi ya thau 80 ni kama mzunguko mmoja. Ikifika toki kwa nusu mzunguko una kama 39. Ikifika kwa mizunguko miwili una 156, zirudishe hizo pushirodi. Njia hii peke yake haiwezi kukuchagulia urefu kwa uhakika, kwa kuwa mwanzo wa toki hauko wazi kwenye nyuzi zenye mafuta, lakini ikipingana sana na pushirodi ya kupimia, moja kati yao imekosewa.

Kwenye Chevrolet za V8 za zamani zenye roka za nati juu ya stadi, hesabu hiyo hiyo inabadilika. Stadi ya 3/8 ina nyuzi 24 kwa inchi. Mzunguko mmoja unashusha roka thau 42, na kwa uwiano wa 1.5 pushirodi inashuka thau 69. Hapo prilodi unaiweka kwa nati, na pushirodi ya kupimia ina kazi nyingine: kutafuta urefu unaoifanya roka ipite katikati ya ncha ya valvu. Kwa kazi hiyo ni lazima utoe springi halisi uweke springi laini za kupimia, kwa sababu utazungusha kranki mizunguko kamili. Pushirodi ya kupimia chini ya springi za mashindano inapinda, au nyuzi zake zinajifungua, na plunja ya tapeti inazama, hivyo alama unayoiona kwenye ncha ya valvu ni ya uongo. Kwenye LS, ambako roka imesimama pahali pamoja, urefu wa pushirodi haugeuzi njia hiyo ya roka. Unagusa prilodi tu. Na kwa kupima plei sifuri peke yake springi laini hazihitajiki, maana valvu imefungwa muda wote unapopima.

Chagua masafa kwa makini. Chevrolet ndogo zenye tapeti za rola za kiwandani, za kuanzia 1987, hutumia pushirodi za karibu inchi 7.200, zinaingia kwenye kifaa hiki. Zile za zamani zenye tapeti bapa ni karibu 7.800, yaani mpakani kabisa, na hapo ukihitaji ndefu kidogo kifaa kimeisha. Hiyo ni kasoro ya masafa, na jibu la mtengenezaji ni ununue kinachofuata cha 7.800 hadi 8.800, ambacho nacho hakitakusaidia ukihitaji fupi kidogo. Kwa mwenye LS tu, kimoja kinatosha; seti nzima ni ya gereji inayopokea injini za kila aina.

Kwa Kenya na Tanzania LS si injini ya kila mtaa, ingawa aliyezoea Muscat au Dubai ameiona ndani ya Nissan Patrol za mchangani. Injini ya huku yenye tatizo hili hili ni V8 ya alumini ya Rover, ndani ya Range Rover za zamani na Discovery za awali. Nayo ina tapeti za haidroliki na roka zisizo na nati, zimepangwa kwenye shafti moja. Prilodi inayolengwa ni thau 20 hadi 60. Injini hizi zinapofumuliwa, gasketi nyembamba ya bati hubadilishwa na gasketi nene ya kisasa, na tofauti yao ni kama milimita 0.7, yaani thau 28. Hedi inapanda, prilodi inapungua thau 28, na kwa masafa ya 20 hadi 60 hiyo ni kutoka kwenye usalama kwenda kwenye mlio. Hedi ikiskimiwa sana, ni kinyume, na dawa yake inayojulikana ni shimu (vipande vyembamba vya bati) chini ya vishikio vya shafti. Uwiano wa roka ni 1.6, kwa hiyo shimu ya thau 10 inapunguza prilodi kama thau 16, haipunguzi 10. Kabla ya kununua kifaa kwa ajili ya Rover, pima pushirodi moja kuukuu ujue inaangukia masafa gani.

Kuna pushirodi za kupimia za bei ya chini zaidi zinazouzwa bila jina. Ziangalie mambo mawili. Nyuzi zisiwe na plei: shika ncha mbili, vuta na sukuma, zikicheza, kila kipimo kitakuwa na thau kadhaa za bahati nasibu. Na duara la ncha liwe safi, lisiwe na mshono wa kulehemu. Kama ziko sawa, zinafanya kazi ile ile, ilimradi urefu uusome kwenye vernia na usiamini hatua ya nyuzi zake. Hata ya kujitengenezea inawezekana: pushirodi kuukuu yenye ukuta mnene, kata katikati, piga tepu ya M5 ndani ya kila kipande, unganisha kwa stadi na nati mbili za kufunga. Ile ina faida moja ambayo nyingi za dukani hazina: nati ikifungwa, urefu haubadiliki ukiitoa kwenye tundu la hedi na kuigonga ukingo njiani. Na pushirodi ya kupimia huchomolewa baada ya roka kufunguliwa, ikiwa na mafuta, na vidole vinaizungusha bila kukusudia. Kwa ile ya COMP, kamata vipande vyote viwili kwa pamoja unapoitoa, au zungushia utepe wa gundi penye kiungo kabla haijatoka.

Kwa injini iliyokwisha kufungwa pushirodi mpya na tapeti zilizolowekwa kwenye mafuta zikajaa, subiri nusu saa baada ya kukaza roka kabla ya kuzungusha kranki. Tapeti iliyojaa inachelewa kuzama, valvu inabaki imeinuliwa kidogo, na kwenye kamu kali nafasi kati ya valvu na pistoni si ya kuchezea. Zungusha kwa mkono mizunguko miwili kamili kwanza. Ikikwama, usilazimishe kwa bomba.